Kazi ya moyo ilipoingia kwenye kazi ya mteja: uchambuzi wa kisa cha mbunifu wa tovuti

Usuli

Mbunifu wa kisa hiki anajitegemea. Kwa miaka kadhaa amekuwa na kazi za namna mbili mezani. Za kwanza ni za wateja, zenye tarehe ya kukabidhi na mtu wa kuulizwa. Za pili ni zake mwenyewe, hazina mteja wala tarehe, naye huziita kazi za moyo. Kwenye tovuti yake amezipanga zote katika ukurasa mmoja, na mgeni asiyeambiwa hawezi kujua ipi ililipiwa na ipi ilifanywa usiku kwa mapenzi tu.

Mteja ni chuo kidogo kinachofundisha ufundi wa mikono. Tovuti yake ya zamani ilikuwa imechakaa: orodha ya kozi ilikuwa faili la PDF, fomu ya maombi ilikuwa haifanyi kazi kwenye simu, na mtu aliyeijenga alikuwa hapatikani tena.

Pande zote mbili zimeniruhusu kuandika. Majina, mahali na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha nimeyaondoa au kuyabadilisha. Mimi niliingia kazi ilipokuwa katikati, mbunifu aliponiomba nikague msimbo wake (maagizo ya kompyuta yanayoiendesha tovuti), kwa hiyo nilipata kuziona rasimu zote pamoja na sehemu kubwa ya barua walizoandikiana.

Kazi ya herufi

Kazi iliyomvutia mteja ilikuwa ya moyo. Mbunifu alikuwa amechora alfabeti nzima kwa brashi na wino, akaziskani herufi, akazigeuza kuwa vekta, yaani michoro inayokuzwa bila kuharibika, kisha akaandika msimbo wa kuzichora upya kwenye skrini kadiri mtu anavyosogeza ukurasa. Mstari unaanzia pale brashi ilipogusa karatasi, unanenepa mkono ulipokandamiza, unakonda mkono ulipoinuka. Ukiitazama herufi S ikijiandika unaona hata mahali wino ulipokaribia kuisha. Ni kazi nzuri, na sisemi hivyo kwa sababu namfahamu.

Kiufundi kila kitu kilichorwa ndani ya kanvasi moja, yaani eneo la kuchorea picha ndani ya ukurasa, iliyojaza skrini. Ukurasa ulikuwa haushuki kwa kasi ya kidole cha mgeni. Msimbo ulilinyaka tendo la kuskroli na kuligeuza kuwa saa ya mchoro. Kwa kazi ile haikuwa kosa. Mgeni wa ukurasa ule alikuja kutazama, wala hakuwa na shida nyingine ya kutatua. Mara nyingi aliufungua kwenye kompyuta, kwa kiungo alichotumiwa na mbunifu mwenzake, akiwa tayari kusubiri.

Kazi za namna hii zina nafasi kubwa katika taaluma yetu kuliko zinavyohesabiwa. CSS Zen Garden, aliyoianzisha Dave Shea mwaka 2003, haikuwa tovuti ya mteja yeyote. Ilikuwa ukurasa mmoja wa HTML (lugha ya kuandikia yaliyomo kwenye ukurasa) usiobadilika, na wabunifu wakaalikwa kuuvisha sura mpya kwa CSS (lugha ya kuupa ukurasa sura) peke yake. Wengi walielewa pale, kwa macho yao, kwamba maandishi na sura yake vinaweza kutenganishwa. Hakuna mteja ambaye angelipia jaribio hilo.

Maombi ya mteja

Mkurugenzi wa chuo aliandika barua fupi: ameiona kazi ya herufi, wameipenda, wanataka tovuti yao "iwe kama ile". Mbunifu alifurahi, na furaha yake inaeleweka. Kwa muda mrefu alitamani kazi zake za moyo zimlete mteja. Hatimaye mmoja amekuja kwa sababu hiyo hiyo, tena chuo cha ufundi wa mikono, ambako herufi zilizochorwa kwa mkono zingekaa kama zilizaliwa humo.

Hapo alifanya uamuzi wa kwanza ulioongoza yote yaliyofuata: aliielewa barua ile kuwa inaomba mtambo. Aliona kanvasi ipo, msimbo wa kuskroli upo, herufi zipo. Kilichobaki ni kuweka maneno ya chuo. Makadirio yake ya muda na malipo aliyajenga juu ya msingi huo, akidhani nusu ya kazi imekwisha kabla ya kuanza.

Uamuzi wa pili ulikuwa mzuri, na ndio ulioiokoa kazi baadaye. Aligawa malipo mafungu matatu: la kuanzia, la rasimu kukubaliwa, na la makabidhiano. Akaandika kwamba rasimu itahesabiwa imekubaliwa baada ya watu wa aina tatu kuijaribu: uongozi, ofisi ya usajili, na mwombaji mmoja au wawili. Mkurugenzi alitia saini bila swali. Nadhani hakuna aliyekiona kifungu kile kuwa kizito siku hiyo.

Rasimu ya kwanza

Rasimu ilionyeshwa kwa uongozi kwenye laptopu ya mbunifu, ikitupwa ukutani kwa projekta. Jina la chuo lilijiandika kwa brashi, herufi moja baada ya nyingine, likafuatiwa na picha za mikono ikifuma na kuchonga. Ukumbi ulinyamaza, kisha wakapiga makofi. Mbunifu aliondoka akijua amemaliza sehemu ngumu.

Siku chache baadaye aliipeleka ofisi ya usajili. Msajili ni mama wa makamo ambaye hujibu maswali ya waombaji kutwa nzima, kwa simu ya mezani na kwa simu yake mwenyewe. Aliifungua rasimu kwenye simu yake, wala si simu mbovu, ni ya kawaida tu. Skrini ilikaa nyeupe. Jina la chuo lilipoanza kujiandika, lilikwenda kwa kukatakata. Akavuta kidole juu ili ukurasa ushuke. Haukushuka. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi.

"Mwanangu, mbona haishuki?"

"Inashuka, mama, subiri herufi ziishe."

"Mtu ananiuliza kozi ya ushonaji inaanza lini. Nimwambie asubiri herufi ziishe?"

Alisema bila ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli. Mbunifu hakuwa na jibu. Msajili aliendelea kuvuta mpaka akafika kwenye kozi, na huko nako majina ya kozi yalikuwa yamechorwa ndani ya kanvasi. Alibonyeza jina la kozi kwa muda mrefu ili alinakili na kumtumia mwombaji, kama anavyofanya kila siku. Hakuna kilichonakilika, kwa sababu pale hapakuwa na maandishi. Palikuwa na picha ya maandishi.

Ndipo mbunifu akaniomba nikague.

Nilichokikuta

Msimbo ulikuwa safi. Tatizo lilikuwa kwamba kila uamuzi mzuri wa kazi ya moyo uligeuka mzigo ulipohamishiwa hapa.

Tuanze na uzito. Picha kubwa ya juu ilikuwa na pikseli 4,000 kwa 3,000. Faili lilikuwa limebanwa vizuri, na mbunifu alijitetea kwa hilo. Lakini kubana kunasaidia safari ya mtandaoni tu. Kivinjari kinapoifungua picha ili kuionyesha, kila pikseli huchukua baiti 4 za kumbukumbu, hivyo picha ile peke yake ilikula baiti milioni 48 kwenye simu ambayo skrini yake, kwa kipimo cha CSS, ina upana wa pikseli 360 hivi.

Kanvasi nayo ilikuwa na hesabu yake. Simu nyingi za sasa hutumia pikseli halisi tatu kwa kila pikseli moja ya CSS, kwa upana na kwa urefu, maana yake kazi ya kuchora huongezeka mara 9. Ili mwendo uonekane laini kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kukamilika. Laptopu ya mbunifu iliziweza. Simu ya msajili haikuziweza, ndiyo maana herufi zilikatakata.

Zito kuliko yote lilikuwa lile la maandishi. Neno lililochorwa kwenye kanvasi halinakiliki, halitafutiki, huwa na ukungu mtu mwenye macho hafifu anapolikuza, na programu ya kusoma skrini inayotumiwa na wasioona hupita juu yake kama hakuna kitu. Tovuti ya chuo iliyokuwa na kozi zaidi ya kumi ilikuwa, kwa msikilizaji wa programu hiyo, ukurasa mtupu wenye kitufe kimoja.

Na lipo dogo nililolipenda kwa jinsi linavyofundisha. Maelezo mafupi chini ya picha yalikuwa ya kijivu, #777777, juu ya nyeupe. Mwongozo wa WCAG, wa kuzifanya tovuti zifikiwe na watu wenye ulemavu, unataka uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu hicho kinatoa 4.48. Ukikipunguza mwanga kwa hatua moja, kikawa #767676, kinatoa 4.54 na kinapita. Hakuna jicho litakaloona tofauti ya rangi hizo mbili zikiwa pembeni kwa pembeni. Mbunifu alikuwa amechagua kwa jicho, jicho zuri, na bado alikosa kwa unywele. Kipimo kingemwambia papo hapo.

Swali lililochelewa

Kabla ya kugusa msimbo, nilimshauri arudi kwa mkurugenzi na swali moja: ulipoiona kazi ya herufi, ulipenda nini hasa?

Mkurugenzi alijibu kwamba alipenda kuona alama za mkono: kwamba mstari haukunyooka sana, kwamba ukingo wa herufi ulikuwa na vinyweleo vya brashi. Chuo chao kinafundisha vitu vinavyotengenezwa kwa mkono, na tovuti nyingine zote alizoziona zilikuwa na herufi zilizonyolewa. Mbunifu akamuuliza kuhusu mwendo. "Ule wa kujiandika? Ulikuwa mzuri pia," akasema, na kwa sauti ile ikawa wazi kwamba bila mwendo angechagua vile vile.

Kwa hiyo sehemu iliyoelemea simu, iliyoziba kozi, iliyomla mbunifu muda mwingi kuliko zote, ndiyo ambayo mteja hakuiomba. Alichokiomba kilikuwa umbo la herufi, na umbo la herufi ni jepesi kabisa kulipeleka kwenye simu.

Ujenzi upya

Mbunifu aliamua kuuondoa mtambo wote na kuanza na HTML tupu. Hakujaribu kuupunguza uzito. Tulibishana kidogo hapa. Mimi niliona sehemu ya kuchora ingeweza kubaki kwenye ukurasa wa mwanzo. Yeye alisema ukibakisha kipande utaendelea kukitetea, na sasa naamini alikuwa sahihi.

Kwanza aliandika kozi zote kama maandishi: jina, muda, tarehe ya kuanza, sifa za kujiunga, na kitufe cha kuomba juu kabisa, kinachoonekana bila kuskroli. Ukurasa huo, bila rangi wala fonti, alimpelekea msajili kwanza. Msajili alinakili jina la kozi, akalituma, akasema basi hata ukiishia hapa mimi nimeridhika.

Kisha alizigeuza herufi zake kuwa fonti. Hii ilikuwa kazi ya siku nyingi, kwani herufi iliyochorwa peke yake haijui jirani yake. Nafasi kati ya A na V si sawa na kati ya H na I, na lazima kila jozi iangaliwe. Fonti aliihifadhi kwa muundo wa WOFF2, ambao hubana vizuri na unasomwa na vivinjari vyote vya sasa, akapunguza alama zisizohitajika ili faili liwe dogo. Katika kupunguza huko aliondoa kitu ambacho hakikutakiwa kuondoka. Alibakisha kistari cha juu (apostrofi) kilichonyooka, U+0027, akaondoa kile kilichopinda, U+2019. Simu nyingi huandika kilichopinda zenyewe. Matokeo yake, kila neno lenye ng' ambalo wafanyakazi wa chuo waliliandika kwa simu lilionyesha kistari kutoka fonti nyingine, chembamba, kimekaa pembeni kama mgeni. Msajili ndiye aliyekiona. Kilirudishwa, na faili halikuongezeka kwa kiasi cha kutajwa.

Fonti hiyo ilitumika kwenye vichwa tu. Aya zilibaki na fonti ya mfumo wa simu yenyewe, ambayo haipakuliwi na inasomeka vizuri katika ukubwa mdogo. Kwa kuwa maandishi ya fonti ya brashi yalikuwa mapana kuliko ya fonti ya akiba, inayoonekana kabla ile haijafika, ukurasa uliruka fonti ilipofika. Aliondoa mruko kwa kurekebisha ukubwa wa fonti ya akiba kwa `size-adjust` hadi zikalingana.

Picha zilikatwa katika upana tofauti na kuorodheshwa kwa `srcset` ili kila skrini ichukue inayoitosha. Kila moja iliandikiwa upana na urefu wake ili kivinjari kiitengee nafasi kabla haijafika. Picha ya juu iliondolewa agizo la kuchelewesha upakuaji, `loading="lazy"`. Alikuwa ameiweka kwenye picha zote kwa mazoea, na kwa picha ya kwanza hiyo ni kuichelewesha ile inayosubiriwa.

Mwendo haukufa. Ulihamia kwenye ukurasa mmoja, wa kazi za wanafunzi, ambako mgeni amekuja kutazama. Huko herufi moja kubwa hujiandika kwa SVG, muundo wa michoro ya vekta, bila kugusa kasi ya kuskroli. Mahali pengine vitu vinaingia kwa `transform` (kusogea) na `opacity` (kufifia na kukolea) tu, ambazo kivinjari huweza kuzibadilisha bila kupanga upya ukurasa mzima kila fremu. Na mtu aliyeweka kwenye kifaa chake kwamba hataki mwendo, anayegunduliwa kwa `prefers-reduced-motion`, huona herufi imekamilika tangu mwanzo. Kwa wengine mwendo mkubwa wa skrini huleta kizunguzungu cha kweli, na kuwajali ni mistari michache ya CSS.

Vipimo vya kukubali kazi viliandikwa kwa namba zinazojulikana, zile ambazo Google huziita Core Web Vitals: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kuruka kwa vitu isizidi 0.1. Kipimo cha kuitikia ni INP, kilichochukua nafasi ya kipimo cha awali, FID, Machi 2024. Vyote huhesabiwa kwa asilimia 75 ya matembezi halisi, kwa hiyo laptopu nzuri ya mbunifu haiwezi kuvificha.

Nani mwenye herufi?

Sehemu hii ilikaribia kuwatenganisha, na inanigusa zaidi ya ile ya kiufundi kwa sababu wabunifu wengi hawaifikii mpaka wamekwisha kuumia.

Mkataba wa kawaida wa chuo ulikuwa na sentensi kwamba chochote kitakachotumika katika kazi hii ni mali ya chuo. Mbunifu aliusoma tena alipoanza kuzigeuza herufi kuwa fonti, akatambua kwamba kwa sentensi hiyo alfabeti yake yote, iliyochorwa kabla hajawajua, ingehamia kwao. Asingeweza kuendelea na kazi yake ya moyo bila kuomba ruhusa.

Alimwandikia mkurugenzi. Jibu la kwanza lilikuwa la mtu aliyeshtuka: "Tumelipia tovuti, kwa nini vilivyomo visiwe vyetu?" Swali la haki kabisa. Mteja anaogopa kesho kuambiwa aondoe vichwa vya tovuti yake, au kukuta herufi zile zile kwa chuo cha jirani.

Kisheria mbunifu alikuwa na pa kusimama. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, kazi ya ubunifu hulindwa bila kusajiliwa. Sharti la taratibu za usajili liliondolewa katika marekebisho ya Berlin ya 1908. Herufi alizozichora zilikuwa zake tangu wino ulipokauka. Lakini mkataba unaweza kuhamisha haki, na sheria za kazi ya kuagizwa hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo hakutegemea hoja ya sheria peke yake. Alikaa na mkurugenzi wakagawa vilivyomo katika mafungu.

Vilivyokuwepo kabla ya kazi, yaani alfabeti na msimbo wa kuichora, vilibaki vya mbunifu, na chuo kikapewa leseni ya kudumu, isiyolipiwa tena, ya kuvitumia kwenye tovuti yake hata kama watahamia kwa mbunifu mwingine. Vilivyotengenezwa kwa ajili ya chuo, kama mpangilio wa kurasa, rangi na maandishi, vingehamia kwa chuo fungu la mwisho likilipwa. Vya watu wengine vingebaki na leseni zao: maktaba ndogo ya msimbo yenye leseni ya MIT, inayotaka tangazo la hakimiliki libaki ndani yake, na fonti nyingine yenye SIL Open Font License, inayoruhusu matumizi ya kibiashara lakini hairuhusu kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Hofu ya herufi kuonekana kwingine iliondolewa kwa njia niliyoipenda sana. Mbunifu alichora upya herufi ya kwanza ya jina la chuo, kwa brashi nyingine, akiwa karakana ya chuo, akitumia wino wanaoutumia wanafunzi. Hiyo ikawa nembo yao, mali yao kamili, wala haimo kwenye alfabeti yake. Mkurugenzi alisaini siku hiyo hiyo.

Jina la kikoa (anwani ya tovuti) na akaunti ya seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) viliandikishwa kwa jina la chuo, kwa barua pepe ya ofisi wala si ya mtu. Mbunifu alipewa ruhusa ya kuingia tu. Chuo kilikuwa kimekwisha kupoteza tovuti moja kwa mtu asiyepatikana.

Matokeo

Tovuti ilizinduliwa baadaye kuliko ilivyokadiriwa. Ilipita vipimo vyote vitatu kwenye simu. Msajili anasema simu za kuuliza tarehe za kuanza zimepungua sana, na waombaji sasa wanamtumia yeye kiungo cha kozi wanayoitaka badala ya kumwomba awatajie.

Kasoro moja ilitokea wiki ya uzinduzi. Kurasa za zamani zilielekezwa kwenye mpya kwa 301 (agizo la seva kwamba ukurasa umehama moja kwa moja), lakini faili la PDF la kozi lilisahauliwa. Watu walikuwa wamelihifadhi kiungo chake kwa miaka, na wengine walikuwa wamelibandika kwenye matangazo yaliyochapishwa. Kwa siku kadhaa walikutana na 404, ujumbe kwamba ukurasa haupatikani. Lilielekezwa kwenye ukurasa wa kozi, na tangu hapo mbunifu huanza kila kazi ya kuhamisha tovuti kwa kusoma kumbukumbu za seva, aone watu wanafungua nini kweli, yakiwemo mafaili.

Kwa upande wa fedha, mbunifu hakupata hasara ila hakupata faida aliyoitarajia. Muda wa kubomoa na kujenga upya aliubeba mwenyewe, kwa sababu kifungu chake cha kukubali rasimu kilisema wazi kwamba rasimu ile haikuwa imekubaliwa. Kifungu hicho kilimbana yeye kama kilivyomlinda mteja, na alikiheshimu.

Kazi ya moyo nayo ilibadilika. Aliurudia ukurasa wa herufi, akaufanya uweze kupitiwa kwa kibodi, akaweka maandishi halisi nyuma ya michoro, akaachia kuskroli kwa kidole cha mgeni. Msimbo wake ameuweka wazi kwa leseni ya MIT. Fonti bado haijakamilika; herufi ndogo anasema hazijamridhisha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuwataja kwenye mkataba watu watakaojaribu rasimu. Bila hivyo makofi ya ukumbini yangehesabiwa kuwa kibali. Uongozi ulitazama onyesho kwenye ukuta, kwa mwendo aliouongoza mbunifu mwenyewe, na hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyekuwa na swali la kujibiwa na tovuti. Msajili alikuwa na swali. Ukiniuliza nani aone rasimu kwanza, nitasema yule ambaye tovuti ikishindwa, simu yake ndiyo italia.

Kilichoshindwa ni makadirio. Msimbo uliopo huonekana kama mtaji, lakini mtaji huo ulikuwa na masharti ndani yake: skrini kubwa, mgeni mwenye muda, maneno machache. Sharti hata moja lisipolingana na kazi mpya, kuokoa muda kunageuka kuutumia mara mbili. Mbunifu sasa hukadiria kazi ya mteja kama hana kitu mkononi, na kikipatikana cha kutumia tena, anakihesabu kuwa bahati.

Baadhi ya wenzetu nilioongea nao juu ya kisa hiki wanasema funzo ni kutenga kazi za moyo na kazi za wateja, zisikutane. Sikubaliani nao hata kidogo. Chuo kisingekuja bila herufi zile, na tovuti yake isingekuwa na uso ilio nao. Yaliyovuka salama kutoka upande mmoja hadi mwingine yalikuwa umbo, jicho na mkono. Yaliyokwama ni mashine. Na upande wa pili nao ulilipa deni: ni kazi ya mteja iliyomfundisha mbunifu kwamba ukurasa wake mwenyewe ulikuwa umewafungia nje wasioona, jambo ambalo kwa miaka hakuna mbunifu mwenzake aliyemwambia.

Kuhusu swali la "ulipenda nini hasa", lingeulizwa kwenye simu ya kwanza kabisa, kabla ya makadirio. Halihitaji ujuzi wowote. Ninavyoona, halikuulizwa kwa sababu mbunifu alikuwa ameshikwa na furaha ya kupendewa kazi yake, na mtu anayesifiwa haulizi anasifiwa nini.

Jambo moja halijakwisha. Hivi karibuni chuo kiliomba kutumia herufi za vichwa kwenye vyeti vya wahitimu, na leseni waliyosaini inataja tovuti peke yake. Hakuna aliyewaza karatasi. Mbunifu yuko tayari kuruhusu vyeti bila malipo, ila hataki fonti ambayo haijakamilika ipelekwe kwa mchapaji kama faili, kwani huko haitakuwa rahisi kuirudisha. Kwa sasa wamekubaliana awatumie kila kichwa kikiwa kimekwisha kugeuzwa kuwa vekta, cheti kwa cheti, na kifungu cha machapisho kinaandikwa.